Mwezi wa karatasi na kibaba cha mchele

SWALI: Shikamoo mama. Ninafundisha chekechea hapa Tanga, Ngamiani. Nina watoto 38 wa miaka minne na mitano, na msaidizi mmoja. Idi inakaribia. Mwaka jana nilichapisha picha za mwezi, nyota na taa kutoka kwenye intaneti, watoto wakapaka rangi. Walimaliza kwa dakika tano, kisha wengine wakaanza kuchomana kwa penseli. Safari hii mkuu wa shule anataka "shughuli za vitendo", lakini amenipa shilingi elfu ishirini tu. Halafu nina watoto tisa wa Kikristo, na sitaki wazazi wao waseme tunawasilimisha. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na ile picha yako, maana imenichekesha. Bila shaka ulikuwa mwezi uliosimama wima kama herufi C, na nyota imekaa tumboni mwake. Sasa jioni mwezi ukiandama, toka nje uangalie magharibi jua likishazama. Huku kwetu karibu na ikweta hilali haisimami hivyo. Hulala chali kama ngalawa, ncha zote mbili zikitazama juu. Na nyota haiwezi kukaa pale tumboni, kwa sababu ule upande wa giza wa mwezi upo palepale, umeziba. Kwa hiyo mtoto wa Ngamiani anayepaka rangi picha ile anafundishwa, bila mtu kukusudia, kwamba karatasi inajua kuliko macho yake.

Hapo ndipo ilipo kasoro ya shughuli nyingi za sikukuu tunazowapa watoto wadogo. Tunaleta darasani alama za sikukuu, na kazi za sikukuu tunaziacha nyumbani. Idi ya pwani haianzi asubuhi ya Idi. Inaanza pale mama anapochambua mchele, dada anapotwanga iliki, kaka anapopaka chokaa ukuta wa mbele na fundi cherehani anapokesha. Na katika kazi zote hizo mtoto wa miaka minne anafukuzwa: toka hapa, utamwaga! Darasa lako liwe mahali ambapo hafukuzwi. Hilo tu ndilo jibu langu, mengine yote ni namna ya kulifanya.

Ningeambiwa nichague kazi moja tu, ningechagua mchele. Waombe wazazi, kila anayeweza, mtoto aje na nusu kikombe. Usinunue. Mchele ulionunua wewe ni mchele wa shule, lakini ule aliokuja nao mtoto ameushika mkononi njia nzima akiogopa usimwagike, na hiyo tayari ni nusu ya somo. Mwaga katika masinia na nyungo, watoto wanne au watano kila sinia, wachambue: mawe huku, mpunga huku, chenga huku. Angalia vidole vyao. Kidole gumba na cha shahada vinavyodonoa jiwe ndivyo vitakavyoshika penseli. Mtoto anayekwepa kuandika mara nyingi ni mtoto ambaye vidole vyake havijapata kazi ya kutosha, na nusu saa ya kuchambua mchele humsaidia kuliko kurasa kumi za kufuatisha nukta.

Mchele ukishasafishwa, upimeni. Hapa tuna hazina ambayo hata walimu wengi wameisahau. Wazee wetu walipima nafaka kwa kibaba na pishi, na vibaba vinne ni pishi moja. Pishi hilo bado lipo hai katika Idi el Fitri, kwani zaka ya fitri hutolewa pishi moja la chakula kwa kila mtu aliyemo nyumbani, kabla ya sala ya Idi. Masheikh wengi huku hulikadiria kwa kilo mbili na nusu hivi za mchele. Watoto wako wote wamesikia kwamba haba na haba hujaza kibaba. Hakuna hata mmoja aliyekiona kibaba. Mwombe bibi yeyote mtaani akuazime, au tafuta kopo na chombo kikubwa kinachobeba makopo manne sawasawa, mwambie fundi bati akikatie kama hakipatikani.

Kabla ya kumimina, uliza: mnadhani makopo mangapi yatajaza? Acha wabishane. Mmoja atasema mia, atasema kwa uhakika kabisa. Andika ubaoni walivyokisia, kisha wamimine mmoja mmoja huku wote wakihesabu kwa sauti. Baadaye leta kopo jembamba refu na bakuli pana fupi, mimina mchele uleule kutoka kimoja kwenda kingine mbele ya macho yao. Wengi watakwambia kwamba kwenye kopo refu mchele umeongezeka. Usiwasahihishe. Piaget, yule mtaalamu wa Uswisi, alionyesha kwamba watoto huendelea kuona hivyo mpaka wanapokaribia miaka saba, na kuambiwa "hapana, ni sawa" hakuwabadilishi. Kumimina mara hamsini ndiko kunakowabadilisha. Wewe uliza tu: umejuaje? Turudishe kwenye bakuli tuone?

Kisha kila mtoto ahesabu watu wa kwao kwa kokoto, kokoto moja kwa kila mtu. Baba, mama, bibi, mjomba anayelala sebuleni. Utasikia mambo. Hii ni hesabu ya moja kwa moja, kitu kimoja kwa mtu mmoja, na ndiyo msingi wa hesabu zote zitakazokuja. Mtoto wa Kiislamu atakwambia kokoto sita ni pishi sita. Mtoto wa Kikristo atakwambia ni sahani sita za pilau. Yote mawili ni sita.

Mchele wenyewe upelekeni kwa jirani anayeuhitaji, watoto waubebe kwa zamu. Lakini uite sadaka, usiuite zaka ya fitri. Zaka ni wajibu wa mlezi wa nyumba, haikusanywi na mwalimu wa chekechea kwa nusu vikombe, na mzazi anayejua dini yake atakuuliza. Kwa kuwa mchele unakwenda kuliwa, hakuna atakayelalamika kwamba watoto wamechezea chakula. Ndiyo sababu sipendi zile shughuli za kubandika mchele na maharage kwenye karatasi kwa gundi. Nyumba nyingi za watoto wetu mchele si pambo.

Na tahadhari moja niliyojifunza vibaya. Mwaka wangu wa pili wa kufundisha niliweka choroko katika bakuli za kupangia, nikageuka kuandika tarehe ubaoni. Kufumba na kufumbua, mtoto mmoja ana choroko mbili puani. Alikwenda hospitali akilia, nami nikaenda nikilia zaidi yake. Tangu hapo vitu vidogo vya mviringo, choroko, kunde, shanga, sarafu, huwa meza moja tu, na meza hiyo ina mtu mzima aliyekaa, hasimami hata akiitwa na mkuu.

Sasa turudi kwenye mwezi. Chukua manila, chora miraba thelathini. Kama Ramadhani imeshaanza, anza hapo ulipo. Kila asubuhi mtoto mmoja wa zamu anasema aliuonaje mwezi jana usiku, nawe unampa chaki au kidole chenye rangi auchore. Watakaolala mapema hawatauona, sawa, watauliza nyumbani. Lakini kuna zawadi wengi hawaijui. Kuanzia kama siku ya ishirini hivi ya mwezi, ukiwa na watoto mstarini saa mbili asubuhi, tazameni upande wa magharibi. Mwezi upo, mweupe, mchana kweupe. Nimeona darasa zima likipiga kelele kana kwamba tembo ameingia uwanjani. Siku zinavyokwenda mnaukuta umepungua, na mraba wa thelathini mnauacha wazi, kwa sababu mwezi huwa na siku 29 au 30 na hakuna ajuaye mpaka uandame. Mtoto wa miaka mitano anaweza kabisa kukaa na jambo lisilojulikana bado. Sisi watu wazima ndio tunaogombana kwa ajili ya mwezi.

Shughuli ya tatu ninayoipenda ni kanga. Kila mtoto, au wawili wawili, wapate vipande viwili vya karatasi vilivyo sawa, kwa sababu kanga ni doti, haiuzwi upande mmoja. Leta kanga mbili tatu za kwako, zitandaze sakafuni, wapitishe vidole. Hili ni pindo, linazunguka pande zote. Huu ni mji, katikati. Na hili hapa ni jina. Kisha wachape pindo lao. Mihuri ni bamia: ukiikata kwa kupita inatoa ua zuri la pembe tano, na bamia zilizokomaa sana, ambazo muuza mboga anazitupa, ndizo bora. Kitunguu kinatoa duara ndani ya duara. Rangi ni manjano iliyokorogwa na maji na kijiko cha unga ili iwe nzito, maji ya rozela yaliyochemshwa, na mkaa uliosagwa. Manjano haitoki kwenye shati, kwa hiyo waje na shati kuukuu la baba.

Somo la pindo ni ruwaza: bamia, kitunguu, bamia, kitunguu. Upande wa kwanza wa kanga watafurahi tu. Ni upande wa pili ndipo akili inapofanya kazi, kwa sababu lazima ufanane na wa kwanza, na mtoto anarudi nyuma kuangalia alianza na nini. Wengine watashindwa na doti yao itakuwa na pande mbili zisizojuana. Acha hivyohivyo.

Jina la kanga mtoto alitunge mwenyewe, wewe uandike anachosema, neno kwa neno, mbele yake. Hapo anaona sauti yake ikigeuka maandishi, na hakuna kitabu cha kusoma kitakachomwonyesha hilo vizuri zaidi. Usimpe methali. Ukimpa methali utapata majina 38 ya kanga ya bibi yako. Ukimwacha utapata "Mama usinifiche vileja" na "Kiatu changu kipya kinabana". Wavulana nao watunge. Wakikwambia kanga ni ya wanawake, waulize walipozaliwa walifunikwa na nini.

Vya kupika: vileja vinakufaa, kalimati hazikufai. Usithubutu kuweka karai la mafuta ya moto penye watoto 38, hata kama msaidizi wako ana macho manne. Vileja ni unga wa mchele nusu kilo, sukari ya kusaga robo, samli robo, mayai mawili au matatu, na iliki. Samli ikiwa ghali, siagi ya kupikia itafaa. Chora mapishi kwenye karatasi kubwa: mayai mawili yachore mawili, kikombe cha sukari kichore kikombe. Watoto "wasome" kutoka kushoto kwenda kulia kabla hawajagusa unga. Iliki waitwange wao kwenye kinu kidogo, maana harufu ile ndiyo itakayobaki kichwani mwao miaka arobaini ijayo. Kila mmoja afinyange viwili, abonyeze kwa kidole gumba. Kuoka wafanye watu wazima mahali pengine, kwenye oveni ya jirani au moto juu na chini. Uliza kwanza nani hali mayai. Na kwa kuwa ni Ramadhani, nawe umefunga huwezi kuonja, viende nyumbani kwa ajili ya futari. Mtoto anayeweka sinia la futari lenye kileja alichokifinyanga mwenyewe huwa mtu mwingine kabisa kwa jioni hiyo.

Kuhusu hina, nina neno kali kidogo. Majani ya mhina watoto wayatwange, wakamulie ndimu, waone kijani kikigeuka rangi ya chungwa kwenye karatasi na kitambaa. Ni sayansi nzuri. Mikono waichore kwenye karatasi: aweke kiganja, azungushe penseli, kisha ajaze maua ndani. Lakini piko usiiruhusu ikanyage darasani. Piko ni rangi ya nywele, ina kemikali iitwayo PPD, na ngozi ya mtoto inaweza kuungua na kutoa malengelenge, na aliyewahi kudhurika nayo anaweza kusumbuka na rangi za nywele maisha yake yote. Kila Idi kuna mtoto anayechorwa piko kwa sababu ni nyeusi na inapendeza pichani. Hata hina halisi, usimpake mtoto mwilini bila ruhusa ya mzazi.

Watoto 38 huwezi kuwafanyisha haya kwa pamoja. Kiwango cha elimu ya awali Tanzania ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na hata hao ni wengi ukiwa na bakuli la unga mbele yako. Gawa vikundi vinne. Kimoja na wewe kwenye kazi mpya, kimoja na msaidizi kwenye vile vitu vidogo, viwili vijiendeshe: udongo wa kufinyanga, na kusuka ukili, ule mkanda wa majani ya mkindu wa kushonea mikeka. Usinunue udongo wa dukani, changanya unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kimoja na maji kama kimoja. Kazi moja kwa siku, kila kikundi dakika ishirini, mkizunguka. Usijaribu kumaliza yote haya kwa wiki moja.

Wala usione haya kwa kukosa vifaa vya madukani. Mpango wa chekechea za madrasa ulioanzia Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation, kisha ukafika Zanzibar na Uganda, ulijengwa kwa vifuu, mbegu, makopo na nyimbo za kwetu. Umelea watoto wengi kwa vitu hivyo.

Watoto wako tisa. Tofautisha kati ya ibada na sikukuu, basi. Usiwapange watoto mistari ya kuigiza sala, hata Waislamu wenyewe, maana sala si mchezo wa kuigiza. Lakini kuchambua mchele, kuchapa kanga na kufinyanga vileja hakuna kitabu kinachovikataza. Andika ujumbe kwa wazazi wote, si kwa hao tisa peke yao, kwa sababu ukiwaandikia tisa umeshawatenga. Waambie mtafanya nini, siku gani, na kwamba mwezi wa kumi na moja, kabla shule hazijafungwa, mtafanya hivyohivyo kwa Krismasi. Halafu kweli ufanye, na Krismasi hiyo nayo isiwe mtu mwenye ndevu za pamba na theluji ambayo hakuna aliyeiona. Uliza kwao wanapika nini, wanasafiri kwenda wapi, wanaimba nini, nani anashona nguo. Tanga majirani wamepelekeana sahani za sikukuu miaka na miaka, watoto hao wanajua kuliko sisi tunaoogopa.

Sasa jambo ambalo karibu kila mwalimu analikosa. Tunamaliza nguvu zote kabla ya Idi, na watoto wakirudi tunafungua ukurasa wa herufi M kana kwamba hakuna kilichotokea. Wiki ya baada ya Idi ndiyo tajiri kuliko zote. Watoto wametoka viwanja vya sikukuu, wamepewa mkono wa Idi, wamenunua ubuyu na bastola za maji, wamepotea, wamepatikana. Sukuma madawati, jengeni kiwanja cha sikukuu humo ndani. Kundi moja lifungue duka, jingine liwe na bembea ya wanasesere, jingine liuze tiketi. Pesa watengeneze wenyewe: weka sarafu chini ya karatasi, mtoto asugue penseli juu yake, picha inatoka. Sarafu ya hamsini ina kifaru, ya mia ina swala, ya mia mbili ina simba, ya mia tano ina nyati. Hata asiyejua namba atakwambia ubuyu ni swala mmoja na bembea ni simba, na baada ya siku tatu ataanza kugundua kwamba swala wawili ni simba mmoja. Sarafu za kweli zikae ile meza yenye mtu mzima.

Wacha wagombane bei. Wewe kaa pembeni na daftari, andika wanachosema: nani amehesabu mpaka ngapi, nani ametumia neno jipya, nani hajasema kitu tangu asubuhi na sasa anapiga kelele "karibu mteja". Huyo wa mwisho mfuatilie.

Kuhusu elfu ishirini: nunua manila, unga wa ngano, chumvi, manjano, na vitu vya vileja. Bamia na makopo ni bure. Kanga na kinu beba za kwako. Na mkuu akikuuliza picha za kubandika ukutani ziko wapi, mpeleke kwenye kamba uliyoanika zile doti za karatasi, msomee majina yake moja baada ya jingine, na ile ya kiatu kinachobana msomee mwisho.